Mwalimu wa Sayansi na Hisabati, Fundisha Kusoma: Mwongozo wa Darasa la Mombasa

Chukua swali hili uwape wanafunzi wa Gredi ya 6 kesho asubuhi:

*Muuzaji mmoja alinunua maembe 240 katika soko la Kongowea kwa shilingi 15 kila moja. Maembe 16 yalioza kabla hajafika Likoni. Yaliyobaki aliyauza kwa shilingi 25 kila moja. Alipata faida ya shilingi ngapi?*

Jibu ni shilingi 2,000. Ukianza kusahihisha, tazama majibu yaliyokosewa kabla ya kutia alama ya kosa. Aliyeandika 2,400 anajua kuzidisha na anajua kutoa: alizidisha 240 kwa 25, akatoa 3,600, na hesabu yake haina dosari. Aliruka sentensi ya pili. Aliyeandika 5,600 alifika kwenye pesa za mauzo akaweka kalamu chini, kwa sababu swali la mwisho, lenye neno "faida", halikumshughulisha. Aliyeandika 1,760 aliyaondoa maembe mabovu kwenye mauzo, kisha akatoa tena shilingi 240 zilizoyanunua, maana hakuwa na picha kamili ya kilichotokea kati ya Kongowea na Likoni. Hao watatu hawahitaji zoezi jingine la kuzidisha. Wanahitaji mtu awafundishe kusoma swali.

Mtu huyo ni wewe mwalimu wa Hisabati. Mwalimu wa Kiswahili anafundisha hadithi, barua na ufahamu, na anafanya kazi kubwa, lakini hayupo darasani unapoandika swali lako ubaoni. Sentensi ya Hisabati haisomwi kama hadithi. Ukurasa wa Sayansi nao una mpangilio wake, na wa historia una wake. Anayeijua lugha ya somo ni anayelifundisha.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito wa ziada. Sera ya Kenya inataka watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 wafundishwe kwa lugha ya eneo lao, nayo Mombasa ni Kiswahili. Kuanzia Gredi ya 4 masomo mengi huhamia kwenye Kiingereza. Kwa hiyo mtoto anabadilishiwa lugha mwaka ule ule ambao masomo yanaanza kuwa mazito. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu wa Kanada, tangu 1979 ametofautisha lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo. Lugha ya kuongea na wenzake mtoto huipata kwa mwaka mmoja au miwili hivi, ila ile ya vitabuni humchukua miaka mitano hadi saba. Kwa hiyo mtoto wa Gredi ya 6 anayekusalimu kwa Kiingereza kizuri getini anaweza kuwa bado yuko katikati ya safari hiyo.

Mifano yangu nimeiandika kwa Kiswahili ili tuielewe sote. Kitabu chako kikiwa cha Kiingereza, njia ni hizi hizi.

Hatua ya 1: Chagua ukurasa mmoja kwa wiki

Usijaribu kugeuza kila kipindi. Vipindi vya shule ya msingi ya juu ni dakika 35, vya Sekondari Msingi ni dakika 40, na azimio la kazi linakusubiri. Chagua ukurasa mmoja kila wiki, ule uliobeba mzigo wa mada, na huo ndio utakaousoma na wanafunzi kwa makini.

Usome mwenyewe nyumbani ukiwa na kalamu. Pigia mstari kila mahali ambapo mwanafunzi wako wa wastani atakwama. Usitazame istilahi tu. Tazama sentensi ndefu, tazama "hiyo" na "hayo" ambayo haijulikani inarudi wapi, tazama mchoro uliojaa mishale. Kisha, kwenye andalio la somo, chini ya matokeo ya somo, ongeza mstari mmoja wa lugha. Kwa mfano: *Mwanafunzi aeleze kwa sentensi tatu kwa nini mikoko huota mizizi juu ya matope, akitumia "kwa sababu hiyo" na "ili".* Ukiukosa mstari huo, kipindi kitaisha mmesoma lakini hujui mlikuwa mnafundisha usomaji gani.

Hatua ya 2: Maneno yasizidi matano

Walimu wengi huandika orodha ya maneno 15 ubaoni, watoto wananakili, kipindi kinayoyoma. Mimi nasema matano, na kati ya hayo angalau moja liwe kiunganishi. Istilahi mtoto huiona kuwa ngumu na huuliza maana yake. "Ingawa", "isipokuwa", "angalau", "kwa kila" na "kinyume na" haulizi, kwa kuwa anadhani anayajua, na hayo ndiyo yanayogeuza maana ya swali zima.

Kwa kila istilahi chora mraba wenye visanduku vinne: maana, sifa, mfano, na kisicho mfano. Mbinu hii ilianzia Marekani mwaka 1969 kwa jina la Frayer na inafaa somo lolote. Tuseme neno ni *mvukizo*. Maana: maji kugeuka mvuke yakapanda hewani. Sifa: hutokea hata kama maji hayachemki, huenda haraka kukiwa na joto na upepo. Mfano: kanga iliyoanikwa uani inakauka, na maji ya bahari kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni yanatoweka yakiiacha chumvi. Kisicho mfano: matone yanayojitokeza nje ya glasi ya sharubati baridi.

Kisanduku cha nne ndicho kinachofundisha zaidi, nami hukipa muda mrefu kuliko vile vitatu. Mtoto akishindana na mwenzake kwamba yale matone yametoka ndani ya glasi, hapo ndipo dhana inapoundwa. Waache wabishane kabla hujasema lolote. Kisha mwulize anayesema yametoka ndani: kama yangetoka ndani, si yangekuwa na rangi ya sharubati? Mwache aende kuyatazama.

Hatua ya 3: Wape sababu ya kusoma

"Fungueni ukurasa wa 42, someni" si maagizo ya kusoma. Hakuna mtu mzima anayesoma hivyo. Tunasoma kwa kuwa kuna kitu tunakitafuta.

Gawa ubao safu tatu: *Tunachojua*, *Tunachotaka kujua*, *Tulichojifunza*. Donna Ogle aliichapisha mbinu hii mwaka 1986, na bado sijaona iliyo rahisi kuishinda kwa dakika tano za mwanzo. Ukiwa unafundisha mikoko, mtoto wa Mikindani au Tudor atakuambia kuna kaa, kuna chaza, kuna matope yanayomeza viatu, na boriti za nyumba zinatoka huko. Mwingine atasema mikoko inakunywa chumvi. Andika yote, hata lisilo sahihi, na usilisahihishe kwa mdomo wako. Liache pale ubaoni mpaka ukurasa wenyewe uliamue.

Safu ya pili ndiyo itakayowapeleka kitabuni. Ikiwa hakuna anayetaka kujua chochote, uliza wewe: mti ukizamishwa maji ya chumvi mara mbili kila siku, kwa nini haufi?

Hatua ya 4: Soma mbele yao na fikiri kwa sauti

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayoachwa mara nyingi. Mwanafunzi anauona mdomo wako ukisoma, ila kinachoendelea kichwani mwako hakioni. Mwonyeshe.

Tuseme kitabu kina sentensi hizi:

*Mikoko hukua kwenye matope yasiyo na hewa ya kutosha. Kwa sababu hiyo, baadhi ya aina huota mizizi inayochomoza juu ya matope, nayo huvuta hewa maji yanapopwa.*

Soma polepole, kisha simama na useme kama hivi:

"*Yasiyo na hewa.* Kitu gani hakina hewa? *Ya* inarudi kwenye matope. Sawa, matope hayana hewa, na mmea unahitaji hewa. Hapo pana tatizo. *Kwa sababu hiyo.* Sababu ipi? Ile ya kukosa hewa. Basi nategemea sasa wataniambia mmea unafanya nini kuhusu tatizo lake. *Inayochomoza*, hiyo *i* ni ya mizizi. *Nayo huvuta hewa.* Hapa nimekwama. *Nayo* inaweza kuwa matope, inaweza kuwa mizizi. Ngoja nirudi nyuma. Matope tumeambiwa hayana hewa, na matope hayavuti kitu. Ni mizizi. Na inavuta lini? Maji yanapopwa, maana yakijaa inazama."

Sentensi mbili, dakika tatu. Ila mwanafunzi ameona mambo ambayo hakuna aliyewahi kumwonyesha: kwamba msomaji hodari naye hukwama, kwamba kurudi nyuma ni sehemu ya kusoma, na kwamba ngeli alizokariri kwenye somo la Kiswahili zina kazi katika Sayansi. Kiswahili kimetupa nyenzo nzuri sana hapa. Viambishi vya upatanisho vinamwambia msomaji nani amefanya nini, na mtoto wa Pwani anavisikia tangu utotoni. Mfundishe kuuliza "hiyo *ya* ni ya nini?" na utakuwa umempa ufunguo wa kila ukurasa. Rudi kwenye maembe ya mwanzo: *yalioza*, *yaliyobaki*, *aliyauza*. Zote tatu ni maembe, lakini si maembe yale yale 240.

Kwenye Kiingereza msaada huo haupo, kwa hiyo mchoree mishale kutoka kwa kila kiwakilishi hadi kwenye nomino yake.

Hatua ya 5: Waachie kazi, wanne wanne

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Annemarie Palincsar na Ann Brown, walichapisha matokeo ya kufundisha wanafunzi wa darasa la saba waliokuwa wakisoma maneno vizuri lakini hawaelewi walichosoma. Walimu wa Pwani tunamfahamu mtoto huyo. Tahajia ya Kiswahili ni nyoofu, herufi husomwa kama zilivyoandikwa, kwa hiyo mtoto anaweza kukusomea ukurasa mzima bila kusita na asibaki na kitu. Mwalimu akisikia sauti imenyooka, anaridhika na kuendelea.

Watafiti hao waliwapa wanafunzi kazi nne, zikizunguka kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Mmoja anatabiri aya ijayo itasema nini. Mmoja anauliza swali ambalo aya imelijibu. Mmoja anafafanua neno au sentensi iliyowasumbua. Wa nne anafupisha aya kwa sentensi moja. Wakimaliza aya, kazi zinahama. Mwanzoni mwalimu anaongoza, kisha anajitoa kidogo kidogo mpaka watoto wanaendesha wenyewe.

Katika darasa lililojaa, usihamishe madawati. Wanafunzi wa dawati la mbele wageuke wawatazame wa nyuma yao. Ziandike kazi nne kwenye vipande vya manila na uvikate vya kutosha kila kikundi. Wiki za mwanzo watapiga kelele na maswali yao yatakuwa ya "mti unaitwaje?". Vumilia. Wiki zinazofuata wape mianzo ya maswali: *Kwa nini…, Ingekuwaje kama…, Kuna tofauti gani kati ya…*

Na sasa niseme wazi kuhusu ule mtindo wa kusoma kwa zamu, kila mtoto sentensi moja, darasa zima likifuata. Uache. Anayesoma anatetemeka, anayefuata anahesabu sentensi yake itakuwa ipi, na aliyekwisha kusoma amefunga kitabu. Kusoma kwa sauti kuna nafasi yake: wawili wawili, kwa sauti ya chini, au mbele ya darasa kwa aliyejitayarisha na kutaka mwenyewe. Watoto wengi wa Mombasa huenda chuoni, yaani madrasa, jioni, na huko wamezoea kukariri na kusoma mbele ya watu kwa sauti nzuri na bila woga. Ujasiri na kumbukumbu hiyo ni mali. Itumie kwa kumwomba mtoto huyo asimulie ukurasa kwa kichwa baada ya kuusoma, kisha wenzake wamwulize maswali.

Hatua ya 6: Panga lini Kiswahili, lini Kiingereza

Kuchanganya lugha darasani kumekuwa jambo la kuonewa aibu, na kuna shule ambazo bado zinamwadhibu mtoto kwa kusema Kiswahili. Sikubaliani na adhabu hiyo hata kidogo. Mtoto aliyekatazwa lugha anayoifikiria hatazungumza Kiingereza zaidi. Atanyamaza, na mwalimu hatajua kama ameelewa.

Lakini kuchanganya ovyo nako kuna hasara. Mwalimu akisema sentensi moja kwa Kiingereza na papo hapo akaitafsiri, mtoto hujifunza kungoja tafsiri. Panga hivi: maandishi yasomwe kwa lugha ya kitabu, mjadala wa vikundi uwe kwa Kiswahili au lugha yoyote wanayoelewana, jibu la mwisho liandikwe kwa lugha ya kitabu, wakisaidiwa na mianzo ya sentensi ubaoni. Tathmini za kitaifa za KPSEA mwishoni mwa Gredi ya 6 na KJSEA mwishoni mwa Gredi ya 9 zitamtaka asome maswali ya masomo haya kwa Kiingereza, kwa hiyo hatua ya mwisho usiikate hata siku yenye haraka. Wala ile ya katikati usiikate, kwa maana hapo ndipo anapofikiri.

Bandika ukutani jedwali la istilahi za somo lako kwa lugha zote mbili, na kila wiki mwanafunzi mmoja aongeze yale maneno matano.

Hatua ya 7: Waandike kidogo, kila mara

Sentensi mbili kwenye kipande cha karatasi wanapotoka mlangoni: *Leo nimeelewa kwamba… Bado sijaelewa…* Utazisoma zote ukinywa chai, na utajua kesho uanzie wapi.

Kwa uandishi mrefu zaidi, toa kiunzi. *Mwanzo maji yali… Baada ya kupashwa joto… Tuliona kwamba… Hii ni kwa sababu…* Baada ya wiki kadhaa ondoa kiunzi kipande kwa kipande. Mtoto akiandika *mtele* badala ya mchele, *ndia* badala ya njia, au *mato* badala ya macho, usimpigie mstari mwekundu kama aliyekosa akili. Hiyo ni Kimvita, lahaja ya Kiswahili ya Mombasa, ambayo Muyaka bin Haji aliitumia kutunga mashairi yake karne ya 19, nayo ni ya heshima. Mwambie: nyumbani na katika ushairi sema hivyo, katika ripoti ya Sayansi andika Kiswahili sanifu. Ajue zote mbili.

Hisabati: soma mara tatu

Hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa ndipo tunapopoteza watoto wengi bila kujua sababu.

Mzoeze mwanafunzi kusoma kila swali la maneno mara tatu, kila mara kwa kazi tofauti. Mara ya kwanza, kalamu iko chini na namba zimefichwa. Unaweza kuandika swali ubaoni ukiacha mapengo mahali pa namba: *Muuzaji alinunua maembe … kwa shilingi … kila moja. Maembe … yalioza.* Uliza tu: kumetokea nini? Mtoto akusimulie kwa maneno yake. Usipozificha namba atazirukia, azijumlishe au azizidishe kulingana na zinavyomtazama.

Mara ya pili: tunaulizwa nini? Aanze na sentensi ya mwisho na aandike mwanzo wa jibu kabla ya kukokotoa: *Faida ya muuzaji ni shilingi ___.* Mstari huo mmoja unamwokoa yule wa 5,600. Mara ya tatu ndipo namba zinarudi, na kwa kila namba aseme ni namba ya nini. 240 ya nini? Maembe yaliyonunuliwa. 25 ya nini? Shilingi, kwa kila embe lililouzwa. Namba isiyo na jina isiingie kwenye hesabu.

Tahadhari moja: usiwafundishe kwamba neno fulani maana yake ni tendo fulani, kama vile "jumla" ni kujumlisha na "zaidi" ni kuongeza. *Kivuko kilibeba magari 60, ambayo ni 12 zaidi ya safari iliyotangulia. Safari iliyotangulia kilibeba mangapi?* Aliyekaririshwa "zaidi ni kuongeza" ataandika 72, na jibu ni 48.

Majedwali nayo yanahitaji kufundishwa kusomwa. Tumia jedwali la maji kujaa na kupwa, ambalo wavuvi na watu wa bandari ya Kilindini hulitegemea. Utaratibu ni huu: kichwa cha jedwali kwanza, kisha vichwa vya safu, kisha vipimo (mita? saa?), na mwisho ndipo namba. Watagundua wenyewe kwamba kila siku maji yanajaa karibu dakika 50 baadaye kuliko jana, na hapo una somo la kutoa muda na somo la mwezi pamoja. Mtego uliopo ni saa. Jedwali litaandika 14:20, nyumbani wanasema saa nane na dakika ishirini mchana. Watoto wetu wanaishi na saa mbili tofauti, na maswali mengi ya ratiba huwaponyoka hapo. Tenga kipindi kizima kwa jambo hilo.

Masomo ya Jamii: nani anasema?

Historia ina wakati na ina msemaji, na mwanafunzi anapaswa kuvisoma vyote viwili. Chukua Fort Jesus, ngome yetu ya Mombasa. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Waomani waliizingira mwaka 1696 na kuitwaa mwaka 1698. Mwaka 2011 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Chora mstari wa wakati kwa chaki sakafuni, mtoto mmoja asimame kwenye kila mwaka, na darasa lione mzingiro ule ulivyochukua muda na jinsi 1698 ilivyo mbali na 2011. Mwaka ulioandikwa ndani ya aya haumpi mtoto hisia ya umbali.

Kisha andika sentensi mbili: *Mwaka 1698 ngome ilianguka* na *Mwaka 1698 ngome ilikombolewa.* Uliza nani angeandika ya kwanza, na nani ya pili. Gredi ya 5 wanalijibu swali hilo vizuri, na kuanzia siku hiyo hawasomi kitabu cha historia kama kwamba hakina mwandishi. Mkipata nafasi ya kwenda ngomeni wenyewe, kila kikundi kipewe bango moja la maelezo la kulisoma, kulifupisha na kuwaeleza wengine.

Katika Kilimo na Lishe mkazo uwe kwenye maandishi ya hatua: resipe, maagizo ya kupanda, maandishi ya pakiti ya mbegu au chupa ya dawa. Mwanafunzi mmoja asome, mwingine atende sawasawa na alivyosikia, na makosa yataonekana yenyewe. Katika masomo ya dini, wanajua simulizi nyingi kwa kichwa, kwa hiyo waulize "umelisoma wapi katika ukurasa huu?" ili watenganishe wanachokumbuka na kilichoandikwa.

Asiyeweza kusoma kabisa

Atakuwepo, hata Gredi ya 7. Usimfichue mbele ya wenzake. Mwite wakati wa mapumziko, mpe aya fupi kutoka kitabu cha somo lako, asome kwa dakika moja, kisha afunge akusimulie. Ukisikia anakwama kwenye silabi zenye *ng'*, *mbw*, *nyw*, tatizo ni la kutambua sauti, na hapo umwone mwalimu wa Kiswahili mpange kumsaidia dakika kumi kila siku kwa kadi za silabi. Akisoma vizuri asisimulie kitu, tatizo ni la ufahamu, na hatua ya 4 na ya 5 ndizo dawa. Mara nyingi tunawachanganya hawa wawili na kuwapa wote tiba moja.

Wakati anasaidiwa, usimnyime Sayansi. Mwenzake amsomee, yeye afanye jaribio na aeleze kwa mdomo. Mtoto huyu anaweza kuwa ndiye anayejua bahari kuliko darasa zima.

Ofisi ya walimu na nyumbani

Yote haya hudumu pale walimu wawili au watatu wa darasa moja wanapokubaliana. Chagueni mbinu mbili tu za muhula, mathalani visanduku vinne na kazi nne za vikundi, mzitumie katika kila somo kwa jina moja. Mtoto akikutana na mbinu ile ile katika Hisabati saa tatu na katika Masomo ya Jamii saa tano, anaacha kujifunza mbinu na kuanza kujifunza somo. Mwalimu wa Kiswahili apewe orodha ya maneno yenu kila Ijumaa, ayatumie katika imla na insha za wiki inayofuata.

Kwa mzazi, ombi liwe dogo na la kufanyika. Hata mzazi asiyejua Kiingereza, au asiyesoma, anaweza kumwambia mwanawe baada ya chakula cha jioni: nieleze kwa Kiswahili ulichosoma leo, na mimi nitakuuliza maswali mawili. Liandikeni ombi hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, kwa Kiswahili, na mlisome kwa sauti kwenye mkutano wa wazazi wa mwanzo wa muhula.